Matanga ya Siku ya Kura

Mtaa wa Mferejini, pale Manzese, ulikuwa na chama kimoja tu ambacho hakijawahi kumdanganya mtu, nacho ni chama cha kufa na kuzikana. Hakikuwa na bendera wala katibu mwenezi. Ukifiwa, wanakuja. Wanafunga turubai, wanapanga viti, wanateka maji na kuwasha kuni, na mpaka wewe mfiwa upate nguvu ya kuuliza mchele kaleta nani, watu wamekwisha kula na kunawa. Wa msikitini na wa kanisani, Mzaramo na Mhaya na Mnyakyusa, wote walikuwa humo. Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka uchaguzi uliopita, walipotokea waungwana wawili wakakipasua katikati.

Vyama vya siasa viko vingi kwenye karatasi, lakini Mferejini watu wanavijua viwili: Nanga na Kengele. Vingine ni vya kusomwa redioni. Basi mgombea udiwani wa Kengele wakati ule, bwana mmoja aliyeitwa Adelard, alisikia kwamba turubai la msiba limechakaa. Akaleta jipya, zito, la rangi ya chungwa, na katikati yake imechapwa sura yake mwenyewe, kubwa kama meza, meno yote nje. Shukrani zilikuwa nyingi. Kisha ukatokea msiba wa kwanza, na watu wa Nanga wakasema wao hawakai chini ya meno yale. Wakaenda kukaa ng'ambo ya njia, juani, wanajipepea kwa kofia, wameungua mpaka masikio.

Kornelio, mgombea wa Nanga, naye hakutaka kupitwa. Akaleta masufuria makubwa ya kupikia pilau, mapya kabisa, ubavuni yamechorwa nanga kwa rangi ya kahawia na chini yake maandishi: Hisani ya Kornelio. Ikawa zamu ya watu wa Kengele kuona kinyaa. Msiba uliofuata walilitazama pilau likipakuliwa, harufu inawapiga puani, wakasema wameshiba. Wameshiba! Watu waliotoka kuchimba kaburi tangu asubuhi na mapema.

Maneno yakazidi, kikao kikaitwa, kikao kikavunjika, na mali ikagawanywa kama ya mke na mume waliochokana. Turubai na viti vikaenda kwa watu wa Kengele. Masufuria na majamvi yakaenda kwa watu wa Nanga. Tangu hapo, akifiwa mtu wa Nanga watu walikula wakashiba huku jua likiwachoma utosini, na akifiwa wa Kengele walikaa kwenye kivuli kizuri wakitafuna maandazi makavu. Mpita njia angedhani ni masharti ya dini.

Masufuria yalitunzwa na Tunu, mjane, fundi wa kushona mapazia, mwana-Nanga wa kadi na wa moyo. Turubai lilitunzwa na Demetria, karani mstaafu aliyetoka Bukoba miaka mingi nyuma akasahau kurudi. Nyumba zao zilitazamana. Katikati ulipita ule mfereji ulioupa mtaa jina, na juu ya mfereji ulilazwa ubao wa kuvukia. Kabla ya mgawanyo, wanawake hawa wawili ndio waliokuwa jiko la kila msiba. Tunu alijua viungo, Demetria alijua moto na alijua kugawa, maana alikuwa na sauti ya kumtuliza mlafi bila kumtukana. Baada ya mgawanyo walibaki na "habari" na "nzuri," tena bila kusimama.

Uchaguzi ule alishinda Kornelio. Tunu alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Mfereji ulikuwa umeahidiwa kujengwa kwa zege na Kornelio, na umeahidiwa na Adelard pia, kwa hiyo yeyote ambaye angeshinda ungejengwa. Kornelio alikuja na mafundi wakaupima kwa kamba, urefu wake na upana wake, wakaandika, wakaondoka. Kila masika maji yaliingia mpaka uvunguni mwa vitanda, na kila masika Tunu aliwaambia watu wawe na subira kwa sababu umeshapimwa.

Ndani ya nyumba ya Tunu, chumba cha nyuma, alilala mama yake, Bi Mwanakombo. Huyu mama ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa ule, tangu nguvu zikiwepo mpaka zilipomwishia. Hakuwa wa Nanga wala wa Kengele. Kila uchaguzi alijifunga kanga mbili safi, akapanga foleni na wenzake, akapiga kura yake, na hakuna binadamu aliyewahi kujua kampigia nani. Mume wa Demetria alipofariki na watu wa Nanga wakajikalisha mbali, Bi Mwanakombo alichukua fimbo yake, akavuka ubao, akakaa pale tangu asubuhi mpaka magharibi. Tunu hakwenda. Alibaki kwake na masufuria yake, akisema tawi halijaamua. Mama yake aliporudi hakumsema hata neno moja, na hilo ndilo lililomchoma.

Mwaka huu Bi Mwanakombo alianguka kitandani hakuinuka tena. Kila Tunu alipomgeuza na kumpangusa, wazo lilikuwa moja, linamkaa kooni kama mwiba wa samaki: mama yangu atazikwa na nusu ya mtaa. Mwanamke aliyewaosha mama zao wote, bila kuuliza kadi, atazikwa na nusu. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Na alijua pia kwamba nusu ile nyingine angeikosa kwa sababu yeye mwenyewe alikaa kulinda masufuria.

Wakati huo ndipo waungwana wakafanya lao. Kura za maoni za Nanga zilimtupa Kornelio. Hakumaliza wiki; akahamia Kengele, akapokewa kwa ngoma, akapewa tiketi ya udiwani. Adelard, aliyekuwa akiisubiri tiketi hiyohiyo, akaona hawezi kudharauliwa hivyo. Akavuka kwenda Nanga, na Nanga, iliyokuwa na mgombea asiyejulikana hata na majirani zake, ikamkumbatia, ikamvika skafu ya kahawia. Nyimbo za kuwapokea zilikuwa zilezile, wamebadilisha majina tu.

Aliyemletea Tunu habari hiyo rasmi alikuwa Mashaka, katibu wa tawi la Nanga, kijana wa makamo anayetembea na simu mbili. Alikuja na karatasi za msasa mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeanza useremala?"

"Hapana, za kwako hizi. Yale masufuria uyapige msasa. Lile jina litoke."

"Jina gani?"

"La yule msaliti."

"Kornelio? Mwezi ule uliniletea kanga yake nivae, ukasema nikiikataa nimekikataa chama."

Mashaka alijikuna shingo. "Mambo yamebadilika, shangazi. Mtu wetu sasa ni Mheshimiwa Adelard. Halafu lile turubai nalo ni la kwetu, maana sura ni yake. Tunalifuatilia."

Tunu alianza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya sufuria moja lililofudikizwa, akacheka na machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

"Mashaka, hebu niambie. Sie tulikaaga juani miaka yote ile kwa sababu ya nani?"

"Kwa sababu ya chama, shangazi."

"Tulikataa kukaa chini ya sura ya Adelard."

"Ndiyo."

"Na sasa tunamtaka sura na mwenyewe."

Mashaka akatazama simu moja, akatazama na ya pili. Hakuna iliyomsaidia. Akaacha msasa juu ya cherehani akaaga.

Tunu hakupiga msasa chochote. Alikaa na ile hasira, na haikuwa hasira ya kupiga kelele, ilikuwa ile inayomfanya mtu ashone pazia upande mbaya na asigundue. Alijaribu kuigeuza huku na huku. Akihamia Kengele, atamkuta Kornelio amesimama mlangoni anamkaribisha. Akibaki Nanga, atampigia makofi Adelard. Ni mboga ileile, imebadilishwa bakuli. Vyama vingine akivifikiria hakukumbuka hata alama zao. Alikuwa amempa Nanga miaka, sauti yake, rafiki yake, na kisha Nanga na Kengele wamebadilishana watu kama majirani wanavyoazimana chumvi, bila hata kumwambia kwamba ule ugomvi umekwisha.

Bi Mwanakombo alifariki Jumatatu, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, siku mbili kabla ya kura. Tunu alimfumba macho, akamnyoosha miguu, na jambo la kwanza lililomjia halikuwa huzuni. Lilikuwa ni lilelile: nani atakuja? Aliona aibu kwamba hilo ndilo la kwanza. Alipiga kilio ili majirani wasikie, lakini machozi yenyewe yaligoma.

Mashaka alifika mapema mno. "Pole sana, shangazi. Usiwe na wasiwasi wowote, Mheshimiwa ameshaarifiwa. Vijana wanakwenda sasa hivi kulichukua lile turubai lake kwa yule mama."

"Vijana wasiende popote," Tunu alisema. "Na wewe kaa hapohapo ulipo."

Alijitanda kanga, akavuka ubao mwenyewe.

Mlango wa Demetria ulikuwa wazi. Demetria alikuwa amekwisha kujifunga kitenge cha msiba, amekaa sakafuni juu ya turubai lililokunjwa, kana kwamba kuna mtu wa kuja kumnyang'anya. Walitazamana. Hakuna aliyesema habari.

"Nimesikia kilio," Demetria alisema. "Mama ameondoka?"

"Ameondoka."

"Alikuwa peke yake?"

"Nilikuwa nimemshika mkono."

Demetria akatikisa kichwa taratibu. Kisha, kama mtu anayekiri ugonjwa, akasema: "Turubai lina tundu."

"Tundu gani?"

"Walikuja watu wa tawi letu wakaniambia niitoe ile sura ya Adelard, eti ametusaliti. Nikachukua mkasi wa jikoni. Nilianza kukata kidogokidogo, halafu ile hasira ikanipanda, Tunu. Nilikumbuka jinsi nilivyolibeba hili turubai na mvua na jua, nalikausha, nalikunja kama shuka za mgeni. Nikakata mpaka nikapitiliza."

Alisimama akalikunjua. Pale palipokuwa na meno sasa palikuwa na dirisha, kubwa kuliko hata ile sura ilivyokuwa. Tunu akachungulia. Akamwona Demetria upande wa pili amesimama na mkono mdomoni, na kwa dakika ile, maiti ikiwa ndani ya nyumba, wote wawili walikaribia kucheka.

"Nimekuja kuliomba," Tunu alisema.

"Mama yako hakuniomba ruhusa alipokuja kukaa na mimi."

Neno hilo lilimwingia Tunu mpaka ndani, naye hakulikinga. Alilistahili.

"Shika huku," Demetria akasema. "Mie nashika huku. Ni zito hili."

Wakalibeba wakavuka nalo ubao, mmoja mbele mmoja nyuma, na mtaa mzima ukatoka milangoni kutazama. Hakuna aliyetangaza kitu. Baada ya kitambo kidogo viti vikaanza kuja, mtu na viwili, mtu na vinne, kutoka nyumba za Kengele. Tunu akafungua chumba cha masufuria. Akina mama wa msikitini wakaingia kumwosha marehemu, na Demetria akakaa kwenye moto wa maji ya moto, kisha moto wa chakula, anagombeza watu kama zamani. Walimzika Bi Mwanakombo jioni ileile baada ya swala ya alasiri. Msafara ulipotoka, mkia wake ulikuwa bado mtaani wakati kichwa kimeshafika barabara ya Morogoro. Tunu alisimama mlangoni akiutazama, anahesabu nyuso: yule wa Kengele yupo, yule naye yupo. Alishindwa kulia kwa ajili ya kuhesabu.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, na Jumatano ndiyo siku ya kura. Kituo kilikuwa shule ya msingi, nyuma tu ya mtaa, mwendo wa kumaliza sigara. Watu waliamka na shahada zao za kupigia kura mfukoni, lakini wote waliona vyema wapitie kwanza msibani watie mguu, kwani ilikuwa siku ya hitima na ya kuanua matanga. Wakatia mguu. Wakakaa. Na hapo ndipo jambo la ajabu likatokea, nalo ni kwamba hakuna aliyeondoka.

Si kwamba walipanga. Mferejini watu wana adabu zao, na mojawapo ni hii: siku ya hitima huinuki ukaenda shughuli zako kabla mfiwa hajakuruhusu. Wengine walijiambia watakwenda baada ya chai. Chai ikapita. Wakajiambia baada ya uji wa wazee. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake, maana ambaye angetangulia kuinuka angeonekana ndiye aliyeshindwa kuvumilia, ndiye aliye na kiherehere cha chama kuliko marehemu, na baada ya mambo yaliyopita hakuna aliyetaka kuitwa hivyo. Lakini ukweli wenyewe, ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyeutamka, ni kwamba msiba ulikuwa umewapa pa kujificha. Kwenye karatasi ile ya kura nanga ingekuwa na Adelard na kengele ingekuwa na Kornelio, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kusimama mbele yake akiwa peke yake.

Saa tano hivi Mashaka aliinuka. Shughuli yote ikasimama. Waliokuwa wakimenya vitunguu wakasimamisha visu.

"Naenda chooni," Mashaka alisema.

Akaenda chooni kweli. Akarudi, akakaa, akaziweka simu zake mbili chini ya paja.

Adhuhuri watu wakaswali, hitima ikasomwa, pilau likapakuliwa. Manyunyu ya vuli yakaanza. Turubai lilikinga vizuri isipokuwa pale katikati, kwenye dirisha la Demetria, ambapo maji yalidondoka moja kwa moja mpaka chini. Watu walikwisha kusogea pembeni, wamebanana wanaume upande huu na wanawake upande ule, na katikati pamebaki viti viwili vitupu vinalowa.

Ilipokaribia saa tisa waheshimiwa wakaingia. Adelard alitokea upande wa barabara, Kornelio upande wa mfereji. Kila mmoja alikuwa na haraka, na kila mmoja alipomwona mwenzake akapunguza mwendo. Wakatoa pole, wakaitikia pole, wakatafuta pa kukaa. Watu kwa heshima zote wakajibana zaidi, na bado nafasi ikawa ileile ya viti viwili. Wakakaa bega kwa bega, skafu ya kahawia na skafu ya chungwa, manyunyu yanawadondokea wote kwa usawa. Demetria akawapelekea sahani ya pilau, moja, wale pamoja kama wengine wanavyokula.

Tunu alikuwa kwenye jamvi, mgongo ukutani. Hakuwa na mume wala kaka, kwa hiyo maneno yote ya msiba ule yalipita kwake. Adelard akainama akamsogelea.

"Bi Tunu, Mungu amlaze mama mahali pema. Kuna jambo dogo tu. Kituo kinafungwa saa kumi, na karani ananiambia kutoka mtaa huu hajafika hata mtu mmoja. Tunaomba uwape watu ruhusa. Waende mara moja, watimize haki yao, warudi."

"Naunga mkono hoja," Kornelio alisema kutoka kwenye kiti chake, mdomo una wali.

Watu wakatazamana. Katika miaka yote ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wawili hawa wamekubaliana.

Tunu alijiweka sawa kanga kichwani. Hakuwa mtu wa kuidharau kura. Mama yake alikuwa akiisimamia foleni na fimbo, na lau angekuwa hai leo, pengine angekwisha kujifunga zile kanga mbili. Kuwanyima watu hawa hakutaka. Akapaza sauti, na sauti ikatoka imekauka kwa kukosa usingizi.

"Jamani, sikilizeni. Waheshimiwa wanawaombea ruhusa mkapige kura. Mie sijamfunga mtu. Nimewaruhusu, tena kwa moyo mweupe. Anayetaka kwenda, aende, na mama yangu hatomlaumu."

Akasubiri. Na ukweli, alitamani mtu ainuke. Alitamani hata mmoja tu asimame, apanguse nguo, aseme naenda kwa sababu yupo ninayemwamini. Angemwonea wivu mtu huyo. Manyunyu yaliendelea kudondoka. Mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa. Hakuna aliyeinuka, na Tunu akahisi kitu kinaporomoka kifuani, kwani kumbe alikuwa bado ana tumaini na hakujua.

"Mie ningekwenda," Demetria alisema, amesimama na upawa mkononi. "Sijawahi kukosa tangu nihamie Dar. Shahada ninayo hapa kifuani. Ila nikifika pale nimwekee tiki nani? Kwenye kengele yangu yupo aliyeupima mfereji akakimbia. Kwenye nanga yupo niliyemkata kwa mkasi."

Kicheko kilipita chini ya turubai, kifupi, kikafichwa kwenye kanga na kofia. Adelard akatazama juu kwenye lile tundu, na ndipo alipoelewa sura yake ilikokwenda. Kornelio hakucheka. Aliiweka sahani chini, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa hauna hotuba.

"Sasa mama zangu, baba zangu," alisema, "nyie msipokwenda, nani atatuchagua?"

"Chaguaneni," Tunu alisema. "Nyie wawili mnajuana kuliko sie tunavyowajua."

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Waheshimiwa wakabaki pale, kwani kuinuka wakati watu wanasoma dua ya mwisho kungekuwa utovu wa adabu, na kubaki kulikuwa kulowa. Adhana ya alasiri ikalia. Baadaye kidogo simu moja ikatetemeka chini ya paja la Mashaka. Akaichungulia, akainua kichwa.

"Wamefunga," alisema.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja alitoa shahada yake mfukoni, akaitazama picha yake mwenyewe, akairudisha. Wengine walivuta pumzi kama watu waliosikia gari la mwisho likiondoka, wengine wakainama kukusanya sahani. Adelard akaondoka upande wa mfereji na Kornelio upande wa barabara, kila mmoja amepita njia aliyojia mwenzake, na watu wakawapisha kwa heshima ileile.

Tunu akageuka kuwatazama watu waliobaki. Safari hii hakuhesabu. Wote walikuwapo, wamelowa mabega, mikono ina mafuta ya pilau, wamekaa na mama yake mpaka mwisho, na hakuna kati yao aliyejua kesho watamkabidhi nani mtaa wao. Hapo ndipo machozi yalipomjia. Yalikuja kwa kishindo, siku tatu nzima kwa pamoja, na hakuweza kutenganisha yapi ni ya mama na yapi ni ya ile kura.

Demetria akaweka upawa chini, akaja akakaa naye jamvini, akampokea kichwa begani. Hakumwambia anyamaze.